Tulipofagia Matumbo

Kijiji chetu kina toroli la zawadi, na toroli hilo ndilo lililotuponza.

Tulilipata mwaka juzi, kwenye kampeni ya vyoo. Wakaguzi walifika wakakuta kila choo kimemwagiwa majivu, kila mlango una pazia, na nje ya kila nyumba kumening'inia kidumu cha kunawia mikono na kipande cha sabuni. Vidumu vingi vilikuwa vimefungwa asubuhi ileile. Wakaguzi hawakuuliza. Walipiga picha, wakatutangaza wa kwanza katika kata, wakatukabidhi toroli jipya la rangi ya bluu. Tangu siku hiyo kila mtu hapa, upande huu wa Mbekenyera, anajua kwamba mtu wa serikali akija kuangalia kitu chako, wewe unakifagia kwanza.

Naanza na hilo kwa sababu nimeshasikia watu wakisimulia kisa cha Magreti wakicheka, wakisema watu wa kusini wajinga. Neno hilo sitaki kulisikia. Aliyekuwa mjinga katika kisa hiki ni mimi, Abdulkarimu, tena mjinga mwenye cheti. Nina duka la dawa muhimu. Nilisomea wiki tano, nikapewa kibali na koti jeupe, na watu wananiita daktari. Naitika. Hilo nalo linaniudhi sasa, lakini bado naitika.

Magreti ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Ana miaka hamsini na kitu, mwembamba, mguu wake wa kulia una goti bovu, na ana tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho halafu anakuuliza swali lilelile upya. Alizaliwa Mnero, kwa watu wa misheni, akaolewa huku, mume akafariki, akabaki na shamba la mikorosho na binti mmoja, Getruda. Sote tunamwita Mama Getruda, hata sasa.

Getruda aliolewa Nachingwea. Miaka minne iliyopita alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ambayo siitaji, maana hawakufanya kosa ambalo wenzao wasingelifanya. Mtoto alitoka salama. Kidonda cha mama kikaoza. Wakamtundikia dawa ya kwanza, homa ikabaki palepale. Wakabadilisha, ikabaki palepale. Ya tatu ilipofika alikuwa hamtambui tena mama yake. Daktari alimweka Magreti kwenye benchi akamweleza kwamba vijidudu wa kawaida wa tumboni, hawa tunaoishi nao sote bila neno, walikuwa wameingia kidondani, na walikuwa wameshazizoea dawa. Magreti akamuuliza kwa nini hawakuanza na ile ya tatu. Daktari akasema ukweli, nami namheshimu kwa hilo: walikuwa wanabahatisha, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kupima huku kwetu dawa zipi zimechoka na zipi bado zina nguvu.

Getruda alikufa siku ya kumi na tisa. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Kwa hiyo mwaka huu, ziliposikika habari kwamba kuna ufuatiliaji wa nchi nzima, kwamba vijiji vimechaguliwa na watachukua kinyesi cha watu wazima wasioumwa ili kupima vijidudu wa tumboni wanakataa dawa gani, Magreti hakulala kwa furaha. Nasema furaha, na sijui neno jingine. Kijiji chetu kilikuwa kwenye orodha, kaya sitini. Alipita nyumba zote kwa wiki mbili na goti lake lile, katika msimu wa kupuliza salfa mikorosho, watu wakiwa wamechoka, wana vumbi la njano mpaka kwenye kope. Alielezea kikopo. Alielezea kijiko kidogo kilicho ndani ya kifuniko. Aliapa kwamba hakuna atakayetumia kinyesi cha mtu kwa uchawi. Wanaume walimtania vibaya, naye akawajibu vibaya zaidi, wakakubali.

Mwishoni kulikuwa na mkutano. Amri, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alisimama akatangaza kwamba wageni wanakuja kukagua matumbo. Magreti akasimama baada yake, na kwa kuwa alikuwa na furaha, akasema maneno mawili ambayo angeyameza kama angejua. Alisema, "Wapendwa, msiniangushe."

Siku mbili zilizofuata niliuza vidonge vingi vya rangi mbili kuliko nilivyowahi kuuza katika mwezi mzima. Ni dawa ya kuua vijidudu, na tunaviita hivyo hapa kwa sababu kila kimoja ni nusu chekundu nusu cheusi. Kwa kawaida mtu huja na kikohozi au kidonda, nami namkatia vinne, au viwili kama hana cha kutosha. Sheria inasema nidai karatasi ya zahanati. Sijawahi kuidai. Siku zile walikuja watu wazima wenye afya, wamenyoa, wananitazama usoni, na kila mmoja alitaka viwili viwili vya nyumba nzima. Bakary, fundi wa baiskeli, alisema anataka "kusafisha njia." Nilicheka nikamkatia. Sikuuliza njia ipi inakwenda wapi. Mke wangu Sikudhani alichukua viwili kwenye kabati, na mimi nikameza viwili vyangu mbele yake kwa chai. Niliona ni adabu tu. Mgeni anakuja, unafagia.

Wageni walikuwa wanne, na mkubwa wao kijana anaitwa Obadia, mpole, mwenye miwani, anayesema "tafadhali" kila baada ya neno. Walikaa siku mbili. Walikusanya vikopo sitini, wakaviweka kwenye makasha ya barafu. Kila mtu aliulizwa kwenye fomu kama ametumia dawa za kuua vijidudu katika siku thelathini zilizopita, na muulizaji alikuwa Magreti. Fomu sitini, majibu sitini: hapana. Na mimi nilisema hapana, nikiwa nimevaa koti langu jeupe. Alininukuu huku akitabasamu.

Gari liliondoka Alhamisi alasiri kwenda Ruangwa, wakalale huko, na kesho yake saa sita mchana makasha yasafiri kwenda Dar.

Jioni ile jua likiwa bado lipo, nilikuwa kibarazani kwangu. Magreti alikuwa nyuma ya nyumba ya Bakary, ameinama kwenye shimo la taka, anachokoa kwa kijiti. Akaokota kitu kinachong'aa. Akaingia nyumba ya pili, shimoni, akachokoa. Ya tatu. Hakusalimia mtu. Nilijua anaokota nini, kwa sababu mimi ndiye niliyekata maganda yale ya vidonge kwa mkasi wangu.

Alipofika dukani alikuwa na mfuko. Akaumwaga wote juu ya kaunta. Maganda ya vidonge yalitawanyika mpaka kwenye mizani.

"Sikudhani wako kaniuliza kama wageni wamefurahi," alisema. "Kasema tumejitahidi, tumefagia mpaka ndani. Nikamuuliza ndani ya nini." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umeuza mangapi, Abdulkarimu?"

"Maboksi mawili, kasoro kidogo."

"Na hukumuuliza mtu anaumwa nini?"

Nilisema mteja haulizwi. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mama aliyemzika Getruda. Alitoa simu, akampigia Obadia, akaiweka kwenye spika juu ya yale maganda ili nisikie.

Alimweleza yote bila kupunguza. Obadia akasema, tafadhali mama, fomu zote zinasema hapana, na yeye hawezi kubatilisha kaya sitini kwa sababu ya takataka. Takataka haina jina. Labda kama muuzaji mwenyewe angefika Ruangwa kabla ya saa sita, akaandika maelezo na kutia saini.

Magreti alinitazama. Mimi nikatazama rafu, kama mtu anayetafuta dawa ya mteja. Kuandika vile ni kuandika kwamba nauza bila karatasi, na kibali changu kinaning'inia ukutani kwa msumari mmoja. Magreti akaanza kuyaokota maganda moja moja, akayarudisha mfukoni, akaondoka nayo. Angenitukana ningelala.

Sikudhani ndiye aliyenitukana. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka uani. Alitoka na mwiko mkononi.

"Mimi nimemeza kwa ujinga, sikujua," alisema. "Wewe ulisomea. Kesho nakwenda mimi Ruangwa, niwaambie mume wangu ndiye aliyeuza na mimi ndiye niliyemeza. Wewe baki na koti lako."

Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Watu wanafikiri nilishindwa na dhamiri. Nilishindwa na mwanamke mwenye mwiko, na nilikasirika njia nzima, kwa sababu asubuhi nilipofika kwenye kituo cha bodaboda nilimkuta Magreti amekwishakaa pale na mfuko wake, na hakushangaa kuniona. Alisogea tu kidogo kwenye benchi.

Ruangwa tulimkuta Obadia katika chumba walichoazimwa, makasha yamepangwa ukutani. Niliandika maelezo yangu ukurasa mmoja na nusu, nikatia saini. Aliyasoma mara mbili. Upole wake ukaisha hapo hapo. Alisema amepoteza kijiji kizima. Alisema ana vijiji vyake vya kufikisha, ana tarehe, na wakubwa wake hawataki kusikia habari za toroli. Kisha akamgeukia Magreti, siyo mimi, akamwambia kazi yake ilikuwa moja tu, kuwaandaa watu, na angalia alivyowaandaa.

Hapo ndipo nilipomwona Magreti akikasirika kweli. Hakupaza sauti. Aliweka kiganja juu ya kasha la juu kabisa, kama unavyomwekea mtoto mwenye homa.

"Mwanangu alitundikiwa dawa tatu," alisema. "Mbili zilikuwa zimechoka na hakuna aliyejua. Daktari kaniambia kwa mdomo wake, mama, tumebahatisha. Sasa wewe umekuja kupima, na mimi ndiye niliyekubebea vikopo, na kosa la kusema msiniangushe ni langu, usilitafute kwingine. Lakini ukipeleka huu uongo Dar, yule daktari atabahatisha tena. Tofauti ni kwamba safari hii atabahatisha akiwa na karatasi yako mkononi."

Obadia alivua miwani akaifuta kwa shati. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa, kwamba mtu aliyekunywa dawa siyo tatizo. Fomu ina kisanduku chake, anahesabiwa na wenzake waliokunywa. Tatizo ni aliyekunywa akasema hakunywa. Na tatizo kubwa zaidi ni kijiji kizima kumeza siku moja kwa ajili ya wageni, maana hapo tumbo la siku ile siyo tumbo la siku zote.

Nilimtazama nikitaka kumpiga. Karatasi ilikuwa na nafasi yetu tangu mwanzo, jinsi tulivyo, na katika siku mbili zote zile hakuna aliyeona haja ya kutuambia hivyo kwa maneno mepesi. Walituletea vikopo na barafu na karatasi ya ridhaa ya kurasa nne.

Alichukua kalamu nyekundu akakifuta kijiji chetu. Halafu akasema watakuwa katika vijiji vya upande wa Nachingwea kwa wiki tano, na wakirudi wanaweza kupita tena, kama watu watakuwa wameishi kawaida yao na kama watasema kweli.

Kurudi kijijini kulikuwa kubaya. Amri aliitisha mkutano, na watu wakaambiwa kwamba vikopo vyao vimemwagwa. Nimeona watu wakinyimwa pembejeo wakivumilia, lakini siku ile hawakuvumilia. Walikuwa wamejitolea choo chao, jamani, na kimemwagwa. Bakary alisema Magreti ametusemea kwa wageni na kutuvua nguo. Mama mmoja akasema alifanya vile kwa kuwa ana uchungu wa mwanawe na anataka wote tuaibike naye.

Magreti aliyasikiliza yote mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Nani kawaambia tumbo linafagiliwa?" aliuliza. "Nauliza tena. Nani?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu jibu lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, la bluu, lina mchanga ndani.

Wiki tano zile nilifunga kabati la rangi mbili kwa kufuli. Asiye na karatasi ya zahanati sikumpa. Niliitwa majina ambayo baba yangu hakunipa. Kijana wa Amri alisema nimeanza kujifanya daktari, na hapo nilicheka peke yangu, kwa hasira, maana miaka yote nilipokuwa nawakatia viwili viwili ndipo nilipoitwa daktari kwa mapenzi. Magreti alikuwa anapita kila baada ya siku mbili, anatazama kufuli, anaondoka. Hakuniambia ahsante hata mara moja. Mgongoni alikuwa na Teodosia, yule mtoto wa Getruda, mkubwa sasa kwa kubebwa, miguu inaning'inia.

Siku ya ishirini na mbili jino liliniamsha. Nililivumilia mpaka mchana. Kisha nikafunga mlango wa duka, nikafungua kufuli kwa ufunguo wangu, nikameza viwili, na viwili vingine jioni. Asubuhi nilikuwa mzima, au maumivu yalikuwa yamejiondokea, sijui. Ganda nililizika chini ya mwembe wa jirani. Mtu mzima, mwenye cheti, anazika ganda la vidonge kwa kijiko.

Wageni walirudi. Magreti alianza kuuliza asubuhi, nyumba kwa nyumba, na mimi nilikuwa wa arobaini na moja. Alikaa kwenye kigoda changu, ubao wa kuandikia juu ya goti bovu. Swali lilikuwa limeongezwa kwa mkono wake mwenyewe, kwa kalamu ya bluu.

"Katika siku thelathini zilizopita, umetumia dawa yoyote ya kuua vijidudu, vikiwemo vidonge vya rangi mbili?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu. Lilikuwa hapana, fupi na safi. Nilimtazama mkononi, nikaona kalamu imeshaanza kushuka kwenye kisanduku cha hapana, kwa mazoea, kwa kuwa arobaini walionitangulia wote walikuwa wamesema hivyo.

"Ndiyo," nilisema. "Vinne. Jino."

Kalamu ikasimama. Alinitazama kama mtu anayepima umbali kabla ya kurusha jiwe.

"Lini?"

"Siku ya ishirini na mbili."

"Wewe ndiye mwenye ufunguo."

"Mimi."

Nilidhani atanipiga kwa ule ubao, na ningemwacha. Alihema kwa pua. Kisha akasogeza kalamu kisanduku cha pili, akaweka alama, akaitazama ile alama.

"Fomu mia na moja nimeuliza, mara ya kwanza na mara hii," alisema. "Hii ndiyo ya kwanza kusema ndiyo." Akafunga ubao. "Mia moja hawajawahi kuumwa jino. Hawajawahi kukohoa. Inuka."

"Niende wapi?"

"Tunaanza upya. Kwa Bakary. Mimi nitauliza, wewe utatangulia kusema."

Basi nilitembea kijiji kizima na koti jeupe, na kwenye kila mlango, kabla swali halijasomwa, nilisema kwamba mimi Abdulkarimu nilifunga kabati kwa kufuli nikalifungua mwenyewe, nikameza vinne na nikazika ganda. Kwa Bakary alinisikiliza huku anazungusha tairi la baiskeli. Akaendelea kulizungusha. Halafu akasema, "Mimi viwili. Mgongo. Nilivipata mnadani Nachingwea." Magreti akaandika. Nyumba ya tatu mama akasema alikuwa nacho kimoja kwenye kitambaa tangu mwaka jana, na wiki iliyopita alikimeza. Sikudhani, mbele yangu, akasema hapana, na kwa mara ya kwanza nikajua hapana yenye ukweli inavyosikika.

Mpaka jua linazama fomu za ndiyo zilikuwa kumi na saba. Obadia alizihesabu mara mbili, akasema huo ndio ufuatiliaji.

Makasha ya barafu yalikuwa mazito na gari lilikuwa limeshindwa kuvuka mchanga wa karibu na ofisi, hivyo tuliyapeleka barabarani kwa lile toroli la bluu. Magreti alilisukuma mwenyewe, akiburuta mguu. Nilishika mpini kumpokea, akaniondoa mkono.

"Kumi na saba," alisema, bila kunitazama. "Watu wangepimwa na kusema haya miaka minne iliyopita, madaktari wangemwanzishia Getruda ile ya tatu."

Akaendelea kusukuma.